Kwaya yangu ya shule inashuka ufunguo kila tukifika ubeti wa tatu, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi ni ajira mpya, nipo shule ya msingi, nafundisha Sanaa na Michezo na nimekabidhiwa kwaya ya kwenda UMITASHUMTA, yale mashindano ya shule za msingi. Watoto kama hamsini hivi, wengi darasa la tano na la sita, na wavulana wachache wa la saba. Nawaanzishia kwenye ufunguo wa C, wanaanza vizuri tu, tukifika ubeti wa tatu nikiingiza kinanda nakuta wao wako chini kinanda kiko juu. Juzi mwalimu mkuu kapita akauliza mbele ya walimu wenzangu kama hii ni kwaya au msiba. Kanisani nimeimba tena miaka mingi, nilidhani hii kazi naiweza, sasa naanza kuona kama kufundisha muziki sio fani yangu.

JIBU: Marahaba mwalimu, na pole kwa hilo la ofisini. Kwaya kushuka ni ugonjwa wa kila kwaya duniani, hata zile za wakubwa wenye sare za kushonesha, kwa hiyo hilo peke yake halisemi chochote kuhusu fani yako. Ila umeniandikia kitu kimoja ambacho nadhani ndo chanzo: unawaanzishia kwenye C.

Ngoja nikisie, C kwa sababu ni vitufe vyeupe vitupu si ndio? Walimu wapya karibu wote wako huko. Sasa chukua wimbo wa kawaida wa kwaya za shule, kwa sol-fa (d r m f s l t, yaani do re mi fa so la ti) unaanzia s ya chini unapanda mpaka l. Kwenye C hiyo s ya chini inaangukia G iliyo chini ya C ya kati ya kinanda, na mtoto wa darasa la tano pale hana sauti, ana mngurumo, anatafuta noti kwa koo, na akishaanza kuimba kwa koo la kuongelea hata zile za juu anazifikia kwa shida, anazigusa kwa chini kidogo, na hicho "kidogo" ubeti wa tatu kimeshakuwa nusu toni, yaani kitufe kizima cha jirani. Sauti ya mtoto wa umri huo inakaa raha kuanzia D iliyo juu ya C ya kati mpaka D inayofuata, okteva moja (noti nane) basi, zaidi ya hapo ni kumkopa. Hamishia wimbo kwenye F: ile s inakuwa C ya kati, l inakuwa D ya juu, chini wamepungukiwa kidogo tu na juu wako nyumbani. Huna haja ya kujifunza vitufe vyeusi leo, kinanda chako kikiwa na transpozi (kile cha kupandisha au kushusha ufunguo) weka +5, yaani nusu toni tano juu, uendelee kupiga vyeupe vyako vile vile kama C. Wazee wa kwaya watakwambia F nayo inapenda kushuka, na kweli kuna siku inashuka, ikikufanyia hivyo weka +6 uone, mara nyingi hiyo nusu toni moja inawaamsha.

La pili litakuuma kidogo: acha kuimba nao. Kama wewe ni mwanaume, sauti yako iko okteva nzima chini ya zao, wenye sikio wanakuelewa wanaimba juu, ila wengine wanajaribu kukufuata huko huko chini uliko, hao ndo unaosikia watu wanasema hawana sauti. Halafu ukiimba unajisikia wewe, huwasikii wao. Umetoka kanisani ambako kazi yako ilikuwa kuimba, hapa kazi yako ni kusikia, na hiyo wala haihitaji kipaji kingine, inahitaji ufunge mdomo tu. Noti ya kuanzia itoe kwa kinanda, au mtafute mtoto mmoja mwenye sikio (sio yule mwenye sauti kubwa, hao ni wawili tofauti) awaanzishie.

Ukishanyamaza rekodi kwa simu, bila kinanda, ubeti mmoja mmoja, kila mwisho wa ubeti gusa kitufe cha d ulinganishe. Utashangaa kwaya haishuki kila mahali, inashuka sehemu moja au mbili, na sana sana ni pale wimbo unapoteremka m r d au noti moja inaporudiwa rudiwa mwisho wa mstari pumzi zimekwisha. Watoto wakishuka wanachukua hatua ndefu mno, wakipanda wanachukua fupi mno. Dawa yake ni zile alama za mikono za sol-fa, ngumi kwa d, kiganja kilicholala kwa m, kiganja kikikuelekea wewe kwa s. Waimbe d r m f s, halafu unarudi chini, ukifika f wanyamazishe, mikono iendelee f m r kimya kichwani, ikifika d waitoe kwa sauti. Gusa kinanda hapo hapo. Siku za kwanza itakuwa vichekesho, usiache, dakika tano kila mazoezi kabla ya wimbo wowote. (Sol-fa yenyewe John Curwen aliichukua kwa mwalimu mmoja wa Norwich huko Uingereza, Sarah Glover, aliyekuwa anafundisha watoto kuimba, kitabu chake ni cha 1835. Yaani hii kitu tangu mwanzo ni ya watoto.)

Na neno "imbeni kwa nguvu" lifute kabisa, wakipiga kelele hawasikilizani.

Wavulana wa la saba usiwatoe. Sauti zinavunjika na wanaona aibu, ukiwatoa sasa wengi hawarudi tena kwenye muziki. Watungie mstari wa noti chache za katikati ya sauti walizonazo leo, d na s zinatosha. Usiwape besi ya watu wazima, hawana bado.

Kwa mashindano mimi ningeenda na sauti mbili safi. Sauti nne utazipata huko mbele. Siku hiyo huenda kinanda hakipo au umeme umekata, kwa hiyo weka programu ya tyuna (ya kupimia na kutoa noti) kwenye simu, iambie itoe A ya 440, kwenye F hiyo A ni m, imba kimoyomoyo m r d umeshaipata do yako. Ukiwa umehamia +6 iambie ikupe F# moja kwa moja.

Mwisho, usikae peke yako na hii kazi. Ulizia kwenye wilaya yenu kama kuna mwalimu aliyesoma muziki chuo cha ualimu Butimba, wapo wengi wametawanyika mashuleni, au mwalimu wa kwaya wa parokia jirani, omba ukakae tu kwenye mazoezi yake nyuma kabisa, tazama anafanya nini sekunde zile kabla kwaya haijaanza, anatoaje noti, anasubiri nini. Mwalimu mkuu muache kwanza. Ukisharekodi kwa F nitumie ubeti wa kwanza na wa tatu pamoja na noti za sol-fa, nikuonyeshe ni mstari gani unawaangusha.