Jibu: Mbunge kukosa kura ya bajeti

Mkuu, umeuliza ilikuwaje mbunge wenu aonekane Mwaloni Kirumba, Mwanza, siku wenzake wanapiga kura ya bajeti Dodoma, na kama hawezi kuvuliwa ubunge kwa hilo.

Kwa siku moja, hapana. Ibara ya 71 ya Katiba inamwondoa anayekosa mikutano mitatu mfululizo bila ruhusa ya Spika. Angalia hapo: mikutano, si vikao vya siku moja moja. Mkutano wa bajeti peke yake huanza Aprili ukaishia Juni. Joshua Nassari, aliyekuwa mbunge wa Arumeru Mashariki, yalimkuta Machi 2019. Alijitetea kuwa alikuwa nje ya nchi, mkewe akijifungua. Jimbo likaenda.

Sababu wanazotoa wabunge wakikosa ni zilezile: ugonjwa, msiba, safari ya kikazi, "nilikuwa jimboni". Hii ya mwisho inaniuma. Jimboni tunamtaka, lakini si siku ambayo fedha za maji na barabara zetu zinaamuliwa!

Miswada mingi hupita kwa sauti za "ndiyo", hakuna jina linalobaki. Bajeti ni tofauti, wabunge huitwa mmoja mmoja. Itafuteni Hansard (kumbukumbu rasmi za Bunge) ya siku hiyo, mwende nayo kwenye mkutano wake wa hadhara, mumuulize kama alikuwa na ruhusa.