Trela Kusimama Sawa na Trela Kutulia ni Kazi Mbili

Usiku wa tatu tangu tuegeshe, mlango wa bafu ulianza kujifungua wenyewe. Nikiufunga unakaa dakika mbili, halafu unaachia taratibu mpaka unagonga kabati. Nje mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo. Nikachukua tochi, nikavaa kandambili, nikatoka kumulika mguu wa mbele wa kulia wa trela. Kipande cha ubao nilichokiweka chini yake kilikuwa kimezama chote kwenye tope, na unyayo wa mguu wenyewe umeingia ardhini kama vidole vitatu. Nyumba yetu nzima, na watoto wamelala ndani, ilikuwa imeinamia kona ile.

Hapo tulikuwa karibu na Waco, Texas. Mimi ni muuguzi wa mikataba. Hospitali za Marekani huchukua wauguzi wa aina yetu kwa wiki 13 hivi, na mkataba ukiisha unahamia mji mwingine. Kupanga nyumba kwa miezi mitatu mitatu kunamaliza pesa na kunachosha, ndiyo maana mimi na baba watoto tulinunua trela la kuishi, lile linalofungwa ndani ya bodi ya pikapu badala ya kuvutwa kwa ndoano ya nyuma. Wamarekani huliita "gurudumu la tano", kwa jina la ile sahani ya chuma inayoshika pini ya trela. Ni sahani ya ukoo ule ule wa zile unazoziona kwenye malori ya semitrela yanayotoka Dar kwenda Tunduma, ila hii ni ndogo.

Wenzangu kadhaa, wauguzi na madereva wa huku wanaozungumza Kiswahili, wameanza kuyafikiria maisha haya, na swali lao la kwanza huwa ni bei. Bei utaijua kwa muuzaji. Mimi nataka nikueleze kuegesha, kwa sababu hapo ndipo tulipoumia, na tuliumia kwa kuchanganya kazi mbili ambazo kwa macho zinafanana. Kazi ya kwanza ni kusawazisha, yaani trela lilale usawa pande zote. Ya pili ni kulituliza, lisinese mtu akitembea ndani. Usawa unapatikana kwa mbao chini ya magurudumu na kwa miguu miwili ya mbele. Jeki za nyuma, kwenye trela kama letu, ni za kutuliza tu. Hazikutengenezwa kunyanyua.

Labda unajiuliza kwa nini mwinamo mdogo unisumbue hivyo. Mlango ni jambo dogo. Kubwa ni friji.

Nilipokuwa mafunzoni nilipangiwa zahanati moja ya kijijini mkoani Shinyanga, na pale chanjo zilihifadhiwa kwenye friji ya mafuta ya taa. Kila asubuhi na jioni tuliandika joto lake, lisishuke chini ya nyuzi 2 wala kupita 8. Dada mkuu wa zahanati alikuwa na bakuli la maji juu ya friji ile, na kabla ya kukagua moto wa utambi alikagua kwanza kama maji yamelala sawa. Nilidhani ni mazoea yake tu. Nilielewa baada ya miaka, nilipofungua kitabu cha maelekezo cha friji ya trela letu na kukuta ni mashine ile ile, ila hii inatumia gesi na umeme. Haina kompresa. Moto unachemsha amonia itoke kwenye maji, amonia inapanda, inapoa na kuwa kimiminika, kisha inateremka yenyewe kwenye mabomba na kuvuta joto la ndani. Hakuna pampu inayosukuma kitu. Kimiminika kinateremka kwa uzito wake tu, kwa hiyo friji ikiinama kupita kiasi kimiminika kinatuama mahali kisipotakiwa, sehemu ya kuchemshia inaungua kavu, na kemikali ya kuzuia kutu iliyomo ndani inaganda na kuziba bomba. Hapo hakuna fundi wa kuizibua.

Vitabu vingi vya friji hizi vinataja mwisho wa mwinamo wa nyuzi 3 upande kwa upande na nyuzi 6 mbele kwa nyuma, ukiwa umesimama unautazama mlango wa friji. Safarini si tatizo sana kwa sababu kimiminika kinatikiswa muda wote. Kinachoua ni kuegesha kwa kuinama siku nzima. Matrela mengi mapya yana friji za kompresa za volti 12, ambazo hazisumbuliwi hivyo na mwinamo. Uliza kabla hujanunua ni ipi.

Sasa twende kwenye kazi yenyewe. Usifungue trela kwenye gari kabla hujamaliza usawa wa kulia na kushoto. Hili lishike sana, kwa sababu trela likishafunguliwa huna namna salama ya kunyanyua upande mmoja wa magurudumu. Mimi natumia pimamaji ya fundi mwashi, ya sentimita 60. Naiweka sakafuni kwa kukatiza trela, nanyanyua ncha iliyo chini mpaka kiputo kikae katikati, kisha napima ile nafasi iliyobaki chini ya ncha. Magurudumu yetu ya kushoto na kulia yako umbali wa mita 2 hivi, kwa hiyo nafasi hiyo naizidisha mara 3 na kidogo. Sentimita 1 chini ya pimamaji ni kama sentimita 3.3 chini ya tairi. Ubao unaouzwa Marekani kwa jina la inchi 2 una unene halisi wa inchi moja na nusu, yaani sentimita 3.8, kwa hiyo mara nyingi ubao mmoja unatosha. Laza mbao mbele ya magurudumu yote mawili ya upande ulio chini, si gurudumu moja, na tairi ikae juu ya ubao kwa upana wake wote. Tairi inayoning'inia ukingoni inaumia waya za ndani, na hutaliona hilo mpaka ipasuke barabarani.

Likishapanda, piga kabari. Utingo wa kwetu huruka chini na jiwe mkononi hata kabla lori halijasimama vizuri, na huyo utingo ana akili. Weka kabari mbele na nyuma ya tairi, pande zote mbili. Trela la namna hii likifunguliwa halina breki ya mkono, na limesimama kwa miguu miwili myembamba inayoweza kulala kama likisogea hata hatua moja.

Halafu miguu ya mbele, na hapa narudi Waco.

Trela letu likijazwa vyombo na maji lina kilo kama 5,400. Karibu sehemu ya tano ya uzito huo iko mbele: likiwa limefungwa inabebwa na pikapu, likiwa limeegeshwa inabebwa na ile miguu miwili. Ni zaidi ya tani moja juu ya nyayo mbili ambazo kila moja haizidi sahani ya wali. Na udongo wa ukanda ule wa Texas unaopita Dallas na Waco ni mweusi, wa mfinyanzi, jamaa kabisa wa udongo wetu wa mbuga kule Shinyanga. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono, mvua ikinyesha unavimba na kunata. Nimekulia juu ya udongo huo, nimeona magari yakilala ndani yake wiki nzima, na bado niliweka kipande kimoja cha ubao chenye ukubwa wa kitabu kwa sababu siku tuliyofika palikuwa pakavu. Usiangalie ardhi ilivyo leo. Fikiria itakavyokuwa ikinyeshewa.

Siku hizi chini ya kila mguu nalaza vipande viwili vya ubao wa upana wa inchi 10 na urefu wa futi 2, sambamba, na juu yake viwili vingine vilivyokatiza. Uzito unatawanyika. Tofali la zege lenye matundu usilitumie hata ukilipewa bure. Linabeba vizuri mpaka dakika linapopasuka, na halitoi taarifa. Hata penye lami weka mbao, kwa sababu jua la Julai la Texas huilainisha na unyayo unazama humo humo.

Teremsha miguu mpaka uone pikapu imenyanyuka kidogo nyuma, dalili kwamba mzigo umehamia kwenye miguu. Fungua mlango wa nyuma wa bodi, chomoa waya wa umeme na ile kamba ya breki ya dharura, vuta mpini wa sahani, kisha gari lisogee polepole huku mwenzako ametazama pini. Kabla ya hapo bandika kipande cha plasta kwenye mguu kuonyesha ulipofikia, maana siku ya kuondoka utahitaji pua irudi kimo kile kile. Gari likishatoka, sawazisha mbele na nyuma kwa kupandisha au kushusha miguu hiyo hiyo, pimamaji ikiwa imelala kufuata urefu wa trela.

Hapo kazi ya kwanza imekwisha. Jeki za nyuma ndizo za mwisho, na ndizo zilizotufundisha kwa gharama.

Kosa letu lilikuwa la siku ya kuondoka, Amarillo, asubuhi ya upepo mkali kama ilivyo kawaida ya mji ule. Baba watoto alikuwa kwenye kitufe cha miguu ya mbele, anapandisha pua ili pikapu iingie chini. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma na nikasikia chuma kikilia, mlio mrefu kama wa mlango wa geti uliokosa grisi, halafu ukatulia ghafla. Jeki za nyuma zilikuwa bado chini. Trela linakalia ekseli zake kama ubao wa bembea: pua ikipanda, mkia unashuka. Mkia ulizikalia jeki zile mbili, moja ikapinda kama kijiko, na ulehemu wa chuma kilichoishikilia ukaachia kwenye fremu. Tulichelewa siku mbili, na nilianza mkataba mpya nikiwa sijalala. Tangu siku ile hakuna anayegusa kitufe cha mbele kabla mtu hajazunguka nyuma na kusema kwa sauti kwamba jeki ziko juu.

Na wakati wa kuzishusha usizikaze kwa nguvu. Watu wengi huzungusha kwa drili mpaka drili yenyewe ikwame, wakiamini trela litatulia zaidi. Drili haina hisia za mkono. Mimi naanza na drili mpaka unyayo uguse ubao, kisha namalizia kwa mpini, polepole, hadi uanze kuwa mzito. Binti yangu hukaa ndani na pimamaji mezani. Akipaza sauti, "Mama, kimehama!" najua nimepita kiasi na nimeanza kunyanyua, nalegeza kidogo mpaka kiputo kirudi. Hakuna kipimo bora kuliko hicho. Kuhusu vyumba vya pembeni vinavyosukumwa nje, fuata kitabu cha trela lako kama vinatoka kabla ya jeki za nyuma au baada, maana watengenezaji hawafanani.

Ukimaliza yote haya na trela bado linanesa mtu akigeuka kitandani, usirudi kuongeza jeki. Mneso mwingi unatoka kwenye tairi na springi. Kuna kibano kinachoingia kati ya tairi mbili zinazofuatana, unakikaza kwa spana na tairi zote mbili zinashikwa zisizunguke. Kuna pia stuli ya miguu mitatu inayosimama chini ya pini, mbele kabisa. Tunavyo vyote viwili. Kama fedha inatosha kimoja tu, mimi ningenunua vibano, na bado ningeweka kabari zangu.

Matrela mengine yana mfumo wa haidroliki unaosawazisha wenyewe kwa kitufe kimoja, na huko jeki za nyuma ni za nguvu, zinanyanyua kweli. Ukibahatika kuwa na hilo, mbao bado zinahitajika, na ukiona tairi zimeachana na ardhi shusha, utafute mahali palipo sawa zaidi au uanze na mbao chini ya magurudumu.

Ule mguu wa Waco hatukuugusa usiku. Palipokucha tulirudisha kila kitu ndani, jeki za nyuma juu, tukarudisha pikapu chini ya pini ibebe mzigo, ndipo tukachomoa mguu kwenye tope na kutandika mbao mpya. Ilituchukua saa mbili nzima, na watoto wakila mkate ndani ya gari. Sasa pimamaji inakaa mezani muda wote. Naitazama jioni ya siku ya kwanza, kwa sababu mbao hukaa chini kidogo baada ya mzigo, na naitazama tena mvua ikikatika, kabla sijavua viatu vya kazini.