Panya imekufa, au kipanya kimekufa?

Swali limetoka Kadutu, Bukavu, kwa msomaji anayefundisha vijana kompyuta. Nimelifupisha kidogo:

"Jambo mwalimu. Mashine zetu ni za zamani, tumeziwekea Ubuntu, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows. Mambo mengi tunayafanya kwa kuandika amri, maana ukifungua dirisha la mipangilio mashine inafikiri mpaka umeme unakatika. Nilitayarisha karatasi ya somo, nikaipa kichwa hiki: 'Kubadilisha mapendeleo ya kibodi, panya na onyesho kutoka kwenye mstari wa amri.' Darasa zima lilicheka. Kijana mmoja akauliza: 'Mwalimu, panya anapendelea nini, sambaza (wale samaki wadogo wa ziwani) ao mahindi?' Mwingine akasema afadhali tuseme klavye, suri na ekra, yale majina ya Kifaransa, kama kawaida. Nimekosea wapi?"

Ndugu yangu, kabla sijagusa kichwa cha somo, soma tena barua yako mwenyewe. Ulipokuwa unanisimulia uliandika "dirisha la mipangilio" na "kwa kuandika amri". Hapo hakuna wa kucheka. Ulipokaa kutunga kichwa cha somo, maneno hayo yakakimbia, yakaja "mapendeleo" na "kutoka kwenye mstari wa amri". Nadhani kulikuwa na karatasi ya Kifaransa au ya Kiingereza pembeni ya meza, nawe ukawa unaichungulia.

Tuanze na mapendeleo. Neno lipo, hata kwenye simu utalikuta. Lakini kupendelea kuna sura mbili: kupenda kimoja kuliko kingine, na kumbeba mtu asiyestahili. Mwalimu akimpa mtoto wa dada yake alama asizozitolea jasho, huo ni upendeleo, na hapa kwetu neno hilo linafanya kazi nyingi kuliko tunavyotaka. Isitoshe, anayependelea lazima awe na roho. Ukiandika "mapendeleo ya panya", sarufi inamweka panya kwenye kiti cha mwenye kupenda, na wewe uliyekaa mbele ya mashine huonekani popote. Kijana wa sambaza alisoma kilichoandikwa, basi. "Mipangilio" haina mtego huo, kwa sababu kitu hupangwa na mtu.

Ila angalia wingi wake. "Mpangilio wa kibodi" na "mipangilio ya kibodi" ni mambo mawili. Mpangilio ni jinsi herufi zilivyokaa: AZERTY ya Kifaransa, QWERTY ya Kiingereza. Mipangilio ni yale yote unayoweza kuyabadilisha: herufi ijirudie baada ya muda gani ukikandamiza kitufe, ijirudie kwa kasi gani, na kadhalika. Mwaka fulani nilikuta mashine yenye kibodi ya AZERTY, lakini ndani imepangwa kwa QWERTY. Dawa ilikuwa amri moja fupi, setxkbmap fr, inayofanya kazi kwenye mashine zinazotumia Xorg, programu ya kuonyesha madirisha kwenye skrini. Shida ni kuiandika hiyo amri. Ili nipate "a" ilibidi nibonyeze kitufe kilichoandikwa Q, na ili nipate "m" nibonyeze kitufe cha mkato. Nilitoa jasho kwa neno la herufi tisa. Kwenye karatasi ya somo ningeandika "amri hii hubadilisha mpangilio wa kibodi", kwa umoja, na mwanafunzi angejua ni herufi zinazohama, si kasi.

"Kutoka kwenye mstari wa amri" ndipo tafsiri inapojionyesha zaidi. Kutoka ni kuondoka mahali. Unatoka Bukavu, unapanda boti, unafika Goma. Kipanya hakitoki kwenye mstari wowote. Kiswahili kinapotaja chombo cha kufanyia kazi kinatumia "kwa" tu: kata kwa kisu, andika kwa kalamu, rekebisha kwa amri. Na huo "mstari" wenyewe ningeutaja mara moja darasani, pale unapowaonyesha mahali pa kuandikia, kisha ningeuacha. Usije ukakimbilia "komande" ukidhani unarahisisha, maana mtu wa soko la hapa akisikia komande anafikiria mzigo alioagiza Dubai.

Onyesho ni dogo, nalipita haraka: ni jambo ambalo watu huenda kulitazama, kama mchezo wa kuigiza. Kile kioo chenye mwanga ni skrini.

Sasa panya. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu jibu la Bukavu si jibu la Dar es Salaam.

Kwa Kiswahili cha vitabuni, neno moja linaweza kubeba mnyama na mashine bila kugombana, kwa sababu kitenzi ndicho kinachowatenganisha. Ndege amekufa: mtoto kampiga kwa manati. Ndege imeanguka: habari ya redio. Kwa njia hiyo hiyo, panya amekufa, mtupe nje. Panya imekufa, tafuta nyingine ya kuchomeka. Kwa hiyo anayesema "panya imekwama" hajavunja sheria yoyote, amefuata njia ya ndege.

Lakini sikiliza tunavyosema sisi nyumbani. Mbuzi inakula mahindi. Panya inapita chini ya kitanda. Kiswahili chetu cha Kivu mara nyingi kinampa mnyama "i" ile ile kinayoipa meza. Ukisema darasani "panya imekufa", kijana wa Kadutu hana namna ya kujua kama aende kuchukua ufagio au waya. Kitenzi kilichomsaidia mtu wa Dar hakimsaidii yeye. Ndiyo sababu kwetu "kipanya" lina faida kubwa kuliko kule lilikozoeleka, kwa kuwa linatenganisha kwenye jina lenyewe, kabla kitenzi hakijafika. Kipanya kimekufa. Hapo hata bibi hatatafuta ufagio.

Kuna anayeogopa kwamba kipanya kitaeleweka kama panya mdogo. Kwa Mtanzania labda, kwa sababu ki- yake hufanya kazi ya kudogosha. Sisi udogo tunausema kwa ka- na tu-: katoto, tutoto, kapanya, tupanya. Mtoto wa panya tayari ana jina lake, na kipanya kimebaki bila mwenyewe. Mashine na ikichukue.

Kwa kuwa bado tuko kwenye kipanya, kuna kosa moja ambalo kichwa chako hakikulifanya ila karatasi yako inaweza kulifanya. Kile kinachotembea kwenye skrini si kipanya. Ni kishale. Kipanya kiko mezani, chini ya kiganja. Chukua amri hii:

gsettings set org.gnome.desktop.interface cursor-size 48

Kawaida namba hiyo ni 24, kwa hiyo 48 inakikuza kishale mara mbili, jambo la msaada kwa mwenye macho dhaifu. Ukiwaambia vijana "amri hii inaongeza ukubwa wa panya", utawarudisha kwenye sambaza. Lakini hii nyingine:

gsettings set org.gnome.desktop.peripherals.mouse left-handed true

inahusu kipanya chenyewe: vitufe vya kushoto na kulia vinabadilishana kazi, kwa ajili ya mwanafunzi anayetumia mkono wa kushoto. Kishale hakijaguswa.

Juu ya klavye, suri na ekra: sikubaliani na anayewakataza vijana. Kibodi nayo ni mgeni, tofauti ni kwamba ilipitia kwa Waingereza na klavye ikapitia kwa Wabelgiji. Meza ilitoka kwa Wareno, shule kwa Wajerumani, na hakuna anayeziomba pasi. Tena ubao wa vitufe ulio mbele yao ni wa AZERTY, kwa hiyo jina la Kifaransa lina haki yake. Semeni klavye mkiwa mnachomeka waya. Kwenye karatasi, hata hivyo, ningeandika kibodi, kipanya, skrini, kwa sababu kijana huyo akitafuta msaada wa Kiswahili kwenye intaneti hatakuta "suri" popote. Ukiandika majina yote mawili kwenye ukurasa wa kwanza, hutapoteza mtu.

Kibodi yenyewe ina ugomvi wake. Wengi wanasema "kibodi hii imeharibika", nami niko upande huo. Wapo wanaosema "kibodi hiki, vibodi hivi", na hawajabuni kichaa: ki- ya kitabu ilitoka Uarabuni ikiwa sehemu ya neno, tukaigeuza kiambishi, tukapata vitabu. Watanzania wameifanyia hivyo hivyo kipilefti, wakapata vipilefti. Chagua moja, usiyachanganye kwenye karatasi moja.

Kitenzi nacho. "Kubadilisha" linafaa, lakini "kurekebisha" lina utamu zaidi, maana linabeba wazo la kuweka kitu kikukae vizuri. Wala halitachanganywa na ufundi; klavye iliyomwagikiwa chai tunasema inatengenezwa. Ndani ya amri zenyewe maneno ya Kiingereza yaache yalivyo, mashine haielewi mengine. Yaeleze tu kwa vitenzi vya kawaida: set ni weka, get ni onyesha, reset ni rudisha. Hilo la mwisho lifundishe siku ya kwanza, kwa sababu kijana atakayejaribu text-scaling-factor (kipimo cha ukubwa wa herufi) kwa 3 badala ya 1.25 atapata herufi kubwa kupita kiasi, na kitakachomwokoa ni hiki:

gsettings reset org.gnome.desktop.interface text-scaling-factor

Kichwa cha somo basi kiwe "Kurekebisha kibodi, kipanya na skrini kwa amri". Mipangilio nimeiacha nje. Ukishasema kurekebisha, imo. Na yule wa sambaza mpe zamu ya kusoma karatasi kabla hujaichapisha.