Usizibe hayo matundu ya chini ya sakafu!

Weka chini hilo karai la simiti kwanza. Umeandika kwamba nyumba yako iko Malindi, sakafu ya mbao iliyoinuliwa, panya wanapitia matundu ya ukutani chini yake, nawe wataka kuyaziba kabla ya masika kisha waulizia vanishi ya sakafu. Usizibe. Narudia: usizibe!

Fundi wangu alinijia na maneno matamu: "Mzee, hewa ya bahari ina chumvi, ukiiacha ipite huko chini itakula mbao." Nikaona nimepata profesa. Tukaziba pande zote, plasta, rangi juu, nyumba ikapendeza. Panya walihama kweli, nadhani walijua mapema kuliko mimi.

Mvua zikaanza. Ardhi yetu ya mchanga na matumbawe hunywa maji, halafu mvuke wake hupanda hata kama huoni tone. Zamani upepo wa kusi uliingia kwa matundu ya upande huu ukatokea ule, ukauchukua unyevu. Sasa ukakosa pa kutokea, ukahamia kwenye mbao. Siku mke wangu alipoinua mkeka wa sebuleni, upande wa chini ulikuwa mweusi kwa ukungu. Nikampigia fundi, ati ni vumbi. Vumbi! Mguu wa kitanda ulipozama sakafuni ndipo tukang'oa ubao. Nikachoma boriti kwa bisibisi, ikaingia hadi mpinini, kama muhogo uliochemshwa. Unyevu wa mbao ukipita kama asilimia 20, kuvu huanza kula, na mchwa hawangoji kadi ya mwaliko. Boriti za chumba kizima nimenunua upya, na simu ya profesa haipatikani hadi leo. Kama yumo humu, salamu zimfikie.

Panya huzuiwa kwa wavu. Tafuta mgumu, nafasi zake zisifike milimita 6, na uwe wa chuma kisichoshika kutu, maana huu wa kawaida chumvi itaumaliza. Matundu yawepo pande zinazotazamana; ya upande mmoja hayavuti hewa. Uvunguni mwa sakafu tandika nailoni nzito ya geji 1000 (unene wa kama robo milimita) juu ya udongo, izuie ule mvuke usipande.

Halafu kwenye picha yako naona maua yamefunika tundu moja, na bomba la bafuni linamwaga palepale kwenye msingi. Hilo bomba lihamishe wiki hii. Na huyo aliyekushauri simiti, usimpe hata shilingi ya kianzio.