Kula na kunywa Kampala: hesabu vizibo, na usimgombeze dada wa watu

Mkuu uliyeuliza, nimekusoma. Unakuja Kampala na wenzako watatu kutoka Mwanza, mtakaa siku 10, safari iliyopita mlisubiri chakula saa mbili nzima na usiku mkaletewa bili ambayo hamkuielewa, sasa unataka kujua mle wapi na mnywe wapi msiumie. Mi ni mtu wa Bukoba, niko hapa tangu 2014, nauza spea Kisekka, na wageni wa nyumbani napokea karibu kila mwezi, kwahiyo hii kazi ya kuwatembeza watu kula naijua, na kuumia pia nimeumia.

Kwanza mahali penyewe siyo tatizo kama mnavyodhani. Nimepigwa sehemu za bei ya chini na nimepigwa sehemu za kapeti. Tatizo ni mnavyoagiza na mnavyolipa.

Chakula kinawachanganya wengi kwasababu huku kwenye hoteli za kawaida za mchana kuna emmere na kuna sosi, ni vitu viwili. Emmere ni matoke, posho (ugali wetu), wali, viazi vitamu, muhogo, wakati mwingine na boga. Sosi ni nyama, samaki, kuku, maharage au binyebwa, yaani mchuzi wa karanga. Bei unayoambiwa ni ya sosi, emmere inakuja nayo na unachagua ipi na ipi, hata zote ukitaka. Sasa mgeni anafika anaagiza wali nyama, alafu anaagiza matoke kama kitu cha pembeni, mwingine anaagiza na ugali, mhudumu anashangaa, jikoni wanashangaa, mwisho zinakuja sahani tatu na bili ya watu watatu. We sema "ng'ombe, niwekee matoke na muhogo" basi, imeisha.

Luwombo msiikose ila wahini saa 7 mchana. Ni kuku au nyama au binyebwa imefungwa kwenye jani la mgomba lililopitishwa kwenye moto mpaka likalainika, inapikwa kwa mvuke masaa mengi, wanasimulia ilianzia jikoni kwa Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda wa zamani. Inatakiwa uletewe likiwa bado limefungwa ulifungue mwenyewe mezani, ule mvuke wa kwanza wenye harufu ya jani ndo nusu ya utamu. Ukiletewa limeshafunguliwa na mchuzi uko kwenye bakuli, hiyo imechotwa, na jioni mara nyingi ndo utakayopata.

Kuhusu kusubiri, acha kusoma menyu. Menyu ina kurasa nane, ina pizza, ina vyakula vya kichina, lakini jikoni siku hiyo kuna vitu vinne. Ukiagiza cha ukurasa wa sita mtu anatumwa sokoni kununua kuku na wewe kila ukiuliza unaambiwa "kijja", inakuja. Mi nikikaa tu namuuliza, "Nnyabo, nini kiko tayari sasa hivi?" Na neno nnyabo, yaani mama kwa heshima, msilisahau, kwa mwanaume ni ssebo, halafu salamu ianze, huku mtu hakurupuki tu "lete bia", anaona umemdharau na ana haki ya kuona hivyo.

Kwa wanaokula kitimoto, inauzwa kwa kilo na inachomwa baada ya kuagiza, saa nzima ni kawaida. Nendeni wenyewe pale inapokatwa, mchague nyama, muione kwenye mzani ikiwa mbichi, maana ikishachomwa inapungua na ubishi wa kilo haumaliziki. Rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) za Wandegeya usiku na kuku wa TV, yule anayechomwa kwenye mashine ya kioo, sina cha kuwafundisha, fuateni watu, penye foleni ndo penyewe.

Sasa pombe. Bia nyingi ni chupa ya nusu lita, Bell ya Luzira ni nyepesi, Nile Special ya Jinja ni asilimia 5.6 na wageni wengi wanaidharau kwenye chupa ya pili wakaja kuijua kwenye ya tano. Juzi Bell nimeinywa Kansanga kwa 5,000 ya Uganda, ileile Kololo, mtaa wa wenye hela, nimelipa 10,000, kwahiyo ulizeni bei kabla ya chupa ya kwanza na siyo baada ya ya kumi. Chupa ifunguliwe mbele yenu mezani. Hilo halina mjadala.

Nisimulie kilichonipata maana ndo jibu lenyewe la swali lako. Ilikuwa 2022, baa zilikuwa zimefunguliwa Januari baada ya karibu miaka miwili ya kufungwa kwa korona, watu wana kiu ya kukaa nje, kila sehemu imejaa. Tulikuwa wanne, mimi, shemeji yangu na wageni wawili, kwenye baa moja jina naliacha, mpira unaendelea, kelele, dada anayetuhudumia anazunguka meza kama saba peke yake. Kila tukimaliza chupa anaziondoa meza ibaki na nafasi, na sisi tunaona huduma nzuri. Saa 6 usiku bili inakuja, bia 19. Nikajua tumepigwa. Nilisimama nikampandishia sauti yule dada mbele ya watu, nikamwita mwizi, hilo neno nililitoa mdomoni kwangu na mpaka leo likinijia usiku linaniuma.

Shemeji hakusema kitu. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati akatoa vizibo, akavipanga mezani kimoja kimoja kwa mistari ya vitano vitano. Mistari mitatu. Kumi na tano. Kumbe tangu chupa ya kwanza alikuwa anaviokota, kazoea tangu zamani.

Meneja akaja, akaangalia vile vizibo, hakubishana hata kidogo, akasema sawa lipeni za 15, nne nitamkata yeye. Kirahisi tu hivo. Ndo nikamtazama yule dada usoni kwa mara ya kwanza usiku ule, mkono ulioshika kile kidaftari unatetemeka. Akanieleza kwa kiswahili chake cha kuungaunga kwamba kila chupa inayotoka kaunta inaandikwa kwa jina lake, ikivunjika ni yake, meza ikiondoka bila kulipa ni yake. Tukaomba kidaftari tukaangalia pamoja na mtu wa kaunta. Sisi tulikuwa meza namba 1, na 1 yake anaiandika na mkia juu, inafanana na 7, mtu wa kaunta akachanganya, baadhi ya bia za meza 7 akazisoma 1. Bia nne zilikuwa za meza 7, jamaa wa kona, walikuwa bado wapo, wakalipa bila neno. Hakuna aliyeiba.

Kwahiyo mkuu, chupa tupu mwambie aziache mezani, au vizibo vibaki kwenye sahani. Bora zaidi lipeni kila raundi ikifika, itawachosha kidogo lakini hakuna bili ya usiku wa manane. Na hesabu ikikataa, ombeni kidaftari na mtu wa kaunta kwa sauti ya kawaida, msianze na dada wa watu, maana anayekatwa ni yeye.

Kwenye kulipa, mobile money tumeni kwenye namba ya malipo ya biashara iliyobandikwa kaunta, siyo namba ya mtu binafsi, hiyo ndo inaleta habari ya kuongezea hela ya kutolea. Sehemu za juu someni chini ya menyu kama bei ina VAT ndani, hapa ni asilimia 18, kuna wanaoongeza mwishoni na juu yake hela ya huduma. Risiti dai. Na chenji huku wanaita balansi, ukisema chenji wanakuelewa lakini ukisema balansi inakuja haraka. Kurudi mkishakunywa pandeni boda za app au teksi, gari liacheni, polisi wana kifaa wanakiita kawunyemu, unapuliza hapohapo barabarani.

Jumapili kama mko na mama au mtu asiyekunywa nendeni Ggaba ziwani, samaki mzima anakaangwa mbele yako, mchagueni akiwa mbichi na bei mkubaliane kabla hajaingia kwenye mafuta. Watu wa Mwanza samaki mnamjua kuliko mimi, angalieni matamvua.

Ile baa bado naenda. Yule dada bado yuko pale, nilimwomba msamaha usiku uleule na nikarudi wiki iliyofuata nikamwomba tena sina kilevi kichwani. Siku hizi akileta bia ya kwanza analeta na kisosi kidogo cha bati, anakiweka katikati ya meza, kizibo cha kwanza anakidondosha mwenyewe. Mkifika mniandikie, tutaenda wote.