Mbio za magari ya rimoti Mombasa: pesa iko wapi

Ndugu, umeuliza kama ukikodi kiwanja Bamburi ukatengeneza njia ya mbio za magari ya rimoti, viingilio vya washindani vitalipa kodi ya kiwanja. Havitalipa. Nimeifanya kazi hii hapa mjini. Washindani wenyewe ni wale wale, kila mtu na gari lake, na akishatoa kiingilio anakaa kutwa na soda moja. Wasikuudhi, maana ndio wanunuzi wa spea na ndio wanaokutangazia jina, ila usitegemee kodi ya kiwanja itoke kwao.

Anayelipa ni mzazi. Mtoto anakodi gari dakika tano, zikiisha anang'ang'ania rimoti, baba anatuma tena M-Pesa. Tangu Safari Rally irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 hamu imezidi, na bodi ya Subaru ndiyo wanayoigombania, hata kama ndani ni gari lile lile.

Kwa kuanzia, yale makubwa ya 1/10, yaani sehemu moja ya kumi ya gari halisi, waachie wenye uwanja. Mchanga wa pwani unaingia kwenye gia na beringi, na huu upepo wa chumvi unashika skrubu kutu kabla mtaji haujarudi. Chukua 1/28, gari la kukaa kiganjani. Chumba cha duka cha kawaida, zulia lisilo na manyoya, vizuizi laini pembeni, basi. Mvua ya masika haikuhusu.

Betri ndipo wengi wanapoungua, wengine kweli kweli. Lipo, yaani betri ya lithiamu polima, haitaki kushuka chini ya volti 3 kwa seli wala kupanda juu ya 4.2, na mtoto wa kukodi hajui hayo, yeye anabana tu mpaka gari lizime. Ikivimba usiirudishe kwenye chaja. Mini-Z, gari la 1/28 la kampuni ya Kyosho, halitumii lipo, linatumia betri nne ndogo za AAA. Weka za kuchaji za nikeli ulale usingizi. (Kuacha chaja ya lipo dukani usiku, kwa joto letu hili, mimi sithubutu.)

Rimoti nyingi zina kitufe cha kupunguza mwendo wa juu. Upunguze mwendo nusu, kisha kitufe kifunike kwa utepe wa gundi, kwa sababu kaka mtu atakiona. Hata hivyo ukuta utagongwa. Kinachovunjika mara nyingi ni kile kipande cha plastiki kinachoshika gurudumu la mbele. Ukiwa nacho kwenye droo unakibadilisha mteja akisubiri. Ukiagiza China gari linalala wiki kadhaa.

Kitu kimoja usikibanie pesa: kifaa cha kuhesabu mizunguko. Mtoto akiona muda wake ubaoni, na wa binamu yake juu yake, Jumapili yuko mlangoni akitoka madrasa.

Kabla ya kusaini mkataba wa duka, jaribu siku za Idd pale Makadara ukiwa na zulia na magari manne. Kibali ulizia kaunti mapema, si wiki ya mwisho ya Ramadhani.