Mdogo wangu hatembei, nauli ya kliniki inatumaliza

SWALI: Shangazi shikamoo. Mdogo wangu wa kiume alianguka kwenye mchikichi mwaka juzi, tangu hapo kiunoni kwenda chini hana hisia. Tunakaa Ujiji, mazoezi anafanyia hospitali ya Maweni mara mbili kwa wiki, tunampakia bodaboda mimi nakaa nyuma namshikilia tumejifunga kanga, sasa juzi tumefika nyumbani ndo naona mguu umeungua na ekzosi na mwenyewe wala hajui. Hakuna gari la serikali la kumbeba? Nasikia kuna namba 115.
Dada mtu, Ujiji

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana. Bodaboda achaneni nayo leo hii. Na hicho kidonda kipeleke kikaonwe hata kama ni kidogo, maana mguu usiosikia maumivu kidonda chake kinachimba kimyakimya.

115 ni ya m-mama, inabeba wajawazito, waliojifungua na vichanga wakipata dharura, yenu haimo. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii, hapohapo hospitali au manispaa, ubebe barua ya mwenyekiti wa mtaa. Anaweza kumwombea msamaha wa matibabu, ila nauli usiitegemee huko, bora nikwambie mapema.

Kwa hiyo tafuta bajaji, dereva mmoja tu wa hapo mtaani mpatane bei ya wiki, awe ni yeye siku zote kwa sababu kumpakia nako kuna kujifunza: mmoja anapitisha mikono kwapani kwa nyuma, mwingine anashika chini ya magoti, mnahesabu moja mbili tatu mnanyanyua pamoja, msimvute mkono. Kwenye siti weka mto.

Halafu mtaalamu wa mazoezi mwambie ukweli kwamba nauli imewashinda (wengi wanaona aibu, wanaacha kwenda tu), mwombe awafundishe ya kufanyia nyumbani ili safari zipungue. Ampime na kiti mwendo hukohuko, usipokee kiti chochote tu cha msaada, kiti kipana kinampindisha mgongo.

Kitandani mgeuzeni kila baada ya masaa mawili, na kila usiku washa tochi ya simu umkague visigino na makalio, popote palipobadilika rangi pasilaliwe. Akiona aibu kukaguliwa na dada yake, mpe kioo ajiangalie mwenyewe.